Chuki Inapoandikiwa Maana ya Kisheria: Wayahudi, Shule za Umma za Marekani na Uhuru wa Kusema



Katika ziara za sharika rafiki kuna swali ambalo limekuwa likirudi. Wageni kutoka Marekani wanapokaa na wazee wetu jioni, baada ya kutembelea kisima au zahanati, mazungumzo hufika kwenye habari za kwao. Wanasimulia kwamba wanafunzi wamesimamishwa masomo, mwalimu amelalamikiwa na wazazi, chuo kimezuiliwa fedha, na sababu inayotajwa ni "chuki dhidi ya Wayahudi". Mjumbe mmoja aliniuliza: "Mratibu, kumchukia Myahudi si dhambi tu? Wenzetu wanagombania nini tena?"

Sikuweza kumjibu kwa dakika tano. Wote wanaogombana wanasema wanaipinga chuki hiyo. Wanachobishania ni nani aiandikie maana, na maana hiyo itumike kwa kazi gani ndani ya shule ya serikali. Katika makala hii nitajaribu kueleza jambo hilo hatua kwa hatua.

Kwa nini linatuhusu sisi Walutheri

Tuanze nyumbani mwetu wenyewe. Mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kufariki, Martin Luther aliandika kitabu kikali dhidi ya Wayahudi. Humo aliwashauri watawala wachome masinagogi, wabomoe nyumba za Wayahudi, wawanyang'anye vitabu vyao na kuwakataza marabi kufundisha. Karibu miaka 400 baadaye, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima. Askofu Martin Sasse wa Thuringia akatoa kijitabu cha maneno ya Luther kushangilia, akikumbusha kwamba tarehe 10 Novemba ni siku aliyozaliwa Luther. Baada ya hapo yalifuata mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6.

Mwaka 1984, katika Mkutano Mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani uliofanyika Budapest, Walutheri walikiri kwamba hawawezi kuyapokea wala kuyatetea maneno hayo ya Luther. Rais wa Fungamano wakati huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Marekani nalo lilitoa tamko lake la kuyakataa. Kwa hiyo tunapozungumzia chuki hii tusijifanye watazamaji. Kanisa letu lina deni, na Mtanzania alikuwa kiongozi wake siku lilipolikiri mbele ya dunia.

Chuki hii haijaisha

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni historia tu. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi mjini Pittsburgh, Marekani, akaua waumini 11 waliokuwa katika ibada ya Sabato. Kwa mujibu wa takwimu za polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, mwaka 2023 yaliripotiwa matukio 1,832 ya uhalifu wa chuki dhidi ya Wayahudi. Hayo yalikuwa zaidi ya nusu ya matukio yote ya uhalifu wa chuki ya kidini nchini humo, ingawa Wayahudi ni kama asilimia 2 tu ya wananchi.

Hali ilizidi kuwa mbaya baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas iliposhambulia Israeli na kuua watu wapatao 1,200, na baada ya vita vya Gaza vilivyofuata, ambavyo vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Maandamano yalijaa vyuoni. Wanafunzi Wayahudi walisema wanatishwa. Wanafunzi Wapalestina, Waislamu, na wengine waliowaunga mkono, wakiwemo Wayahudi, walisema wananyamazishwa. Yako malalamiko ya kweli kwa pande zote mbili, na ndiyo maana jambo hili ni gumu.

Sheria mbili zinazokutana darasani

Ili kuelewa ugomvi huu, lazima tujue sheria mbili za Marekani.

Ya kwanza ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791. Yanaikataza serikali kuzuia uhuru wa kusema. Shule ya umma ni mkono wa serikali, kwa hiyo nayo inabanwa. Kesi inayotajwa zaidi ilianza Desemba 1965 katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa. John Tinker, mwenye miaka 15, na mdogo wake Mary Beth, mwenye miaka 13, watoto wa mchungaji wa Kimethodisti, walivaa vitambaa vyeusi mkononi kuwaombolezea waliokufa katika vita vya Vietnam. Shule iliwasimamisha. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba mwanafunzi haachi haki yake ya kusema kwenye lango la shule. Shule inaweza kumzuia pale tu anapovuruga masomo kwa kiasi kikubwa au anapoingilia haki za wenzake. Kwamba watu wamekasirishwa na maoni yake, hiyo peke yake si sababu ya kutosha.

Uhuru huo ni mpana kuliko ilivyo katika nchi nyingi. Ujerumani, kwa mfano, mtu anayekana hadharani kwamba mauaji ya Wayahudi yalitokea anaweza kufungwa. Marekani hafungwi. Maneno ya chuki, hata yawe mabaya namna gani, kwa kawaida hayaadhibiwi na serikali mpaka yawe vitisho, uchochezi wa vurugu za papo hapo, au unyanyasaji.

Sheria ya pili ni Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, Sura yake ya Sita. Wajumbe wa kamati za miradi wataielewa upesi, kwa sababu inafanya kazi kama masharti ya ufadhili. Inasema kwamba taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali ya shirikisho isimbague mtu kwa rangi, kabila au asili ya taifa lake. Dini haikutajwa humo. Ndiyo maana kwa miaka mingi kulikuwa na mashaka kama Wayahudi wanalindwa nayo. Tangu mwaka 2004 Wizara ya Elimu ya Marekani imekuwa ikisema wanalindwa, kwa sababu Wayahudi ni watu wenye ukoo mmoja pamoja na kuwa na dini moja. Masikh na Waislamu nao hulindwa kwa hoja hiyo hiyo.

Chini ya masharti hayo, shule ikijua kwamba mwanafunzi ananyanyaswa kwa sababu ya asili yake na isichukue hatua, inaweza kushitakiwa au kunyimwa fedha. Katika kesi ya mwaka 1999 kuhusu mwanafunzi aliyenyanyaswa na mwenzake, Mahakama ya Juu iliweka kipimo kizito: ili shule ilipe fidia, unyanyasaji uwe mkali, uwe umeenea, na uwe umemnyima aliyeonewa nafasi yake ya kusoma.

Basi sheria ya kwanza inaiambia shule isimzibe mtoto mdomo. Ya pili inaiambia isimwache mtoto aonewe. Mwalimu mkuu anasimama katikati.

Ufafanuzi wa mwaka 2016

Katikati hapo ndipo ulipoingia ufafanuzi. Mwaka 2005 kituo cha Umoja wa Ulaya cha kufuatilia ubaguzi, kilichokuwa Vienna, kilitoa rasimu ya maana ya chuki dhidi ya Wayahudi. Lengo lilikuwa kuwasaidia wakusanya takwimu: mtu aliyeko Paris na aliyeko Warsaw wahesabu kitu kile kile. Tarehe 26 Mei 2016, Muungano wa Kimataifa wa Kumbukumbu ya Holokosti, unaojulikana kwa kifupi kama IHRA, uliupitisha ufafanuzi huo katika mkutano wake wa Bucharest. Nchi zaidi ya 40 zimeupokea.

Sehemu yake ya kwanza ni fupi. Inasema kwa ujumla kwamba ni mtazamo fulani juu ya Wayahudi unaoweza kujitokeza kama chuki, kwa maneno au kwa matendo, dhidi ya watu, mali zao au taasisi zao. Kisha inafuata mifano 11. Baadhi haina ubishi: kuhimiza Wayahudi wauawe, kukana Holokosti, kudai kwamba Wayahudi wanaendesha serikali na benki za dunia kwa siri, au kumbebesha Myahudi yeyote lawama za matendo ya dola ya Israeli.

Ubishi uko kwenye baadhi ya mifano 7 inayoitaja Israeli. Mmoja unasema inaweza kuwa chuki kudai kwamba kuwepo kwa dola ya Israeli ni mradi wa kibaguzi. Mwingine ni kuidai Israeli mwenendo ambao nchi nyingine ya kidemokrasia haidaiwi. Mwingine ni kulinganisha siasa zake za leo na za Wanazi. Hata hivyo, waraka wenyewe unasema kwamba kuikosoa Israeli kama nchi nyingine yoyote inavyokosolewa si chuki, kwamba mazingira ya tukio lazima yaangaliwe, na kwamba waraka haufungi mtu kisheria.

Ulivyoingia kwenye sheria

Kilichofuata ni kuufanya ufunge. Mwaka 2019 jimbo la Florida lilipitisha sheria inayozitaka shule na vyuo vyake vya umma kuushughulikia ubaguzi dhidi ya Wayahudi sawasawa na ubaguzi wa rangi, na ikaweka humo ufafanuzi wenye mifano ya namna hiyo pamoja na kifungu cha kulinda uhuru wa maoni. Desemba mwaka huo huo Rais Donald Trump aliziagiza ofisi za serikali ziuzingatie ufafanuzi wa IHRA zinapochunguza malalamiko chini ya Sura ya Sita. Tarehe 1 Mei 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuuweka katika sheria ya nchi kwa kura 320 dhidi ya 91, lakini Bunge hilo lilimaliza muda wake bila Seneti kuupigia kura.

Jambo moja katika mjadala ule litawavutia watu wa kanisa. Baadhi ya wabunge Wakristo walipinga wakisema Injili itapigwa marufuku, kwa sababu mfano mmoja unataja madai kwamba Wayahudi walimuua Yesu. Waliousoma mfano hadi mwisho walijibu kwamba unahusu kuyatumia madai hayo ya kale kuwapaka matope Waisraeli wa leo. Kusoma Injili ya Yohana kanisani hakukutajwa.

Huko Texas, gavana aliagiza mwezi Machi 2024 vyuo vikuu vya umma viingize ufafanuzi huo katika kanuni zao. Wanafunzi walikwenda mahakamani, na mwezi Oktoba jaji wa shirikisho aliona kuwa kuuingiza hivyo kunabagua maoni ya upande mmoja, ingawa hakulisimamisha agizo. California ilipita njia nyingine. Sheria yake ya Oktoba 2025 kuhusu shule za umma iliunda nafasi ya mratibu wa kuzuia chuki dhidi ya Wayahudi bila kuandika ufafanuzi wenyewe. Nako walikwenda mahakamani, safari hii wakilalamika kwamba sheria haisemi wazi ni nini kinachokatazwa. Mahakama haikuizuia kuanza kutumika. Tunaona hapo ugumu wa kazi hii: ukiandika maana utaambiwa unabana maoni, usipoiandika utaambiwa umemwacha mwalimu gizani.

Hoja za pande mbili

Wanaoutetea ufafanuzi wana hoja nzito. Wanasema chuki hii hubadilisha nguo: jana ilisema "Myahudi", leo inasema "Mzayuni", na mtoto anayesukumwa ukutani hapati nafuu kwa kuwa neno limebadilika. Wanasema pia kwamba maofisa wengi wa shule hawaijui chuki hii wanapoiona. Katika Chuo Kikuu cha umma cha UCLA, Agosti 2024, jaji alikikataza chuo kuruhusu hali ambapo wanafunzi Wayahudi walizuiwa kupita sehemu za chuo kwa sababu walikataa kuikana imani yao juu ya Israeli. Jambo hilo lilitokea mbele ya macho ya viongozi wa chuo.

Wanaoupinga nao hawazungumzi ovyo. Wanamtaja mwanafunzi Mpalestina ambaye bibi yake alipoteza nyumba mwaka 1948. Akiisimulia habari hiyo darasani na kusema dola iliyomhamisha ilijengwa juu ya ubaguzi, maneno yake yanafanana na mfano ulioandikwa. Huenda hataadhibiwa mwishoni, lakini malalamiko yakifunguliwa, miezi ya kuhojiwa ni adhabu tosha, na mwalimu mwingine atakayesikia ataliruka somo hilo. Wasomi wa Kiyahudi wenyewe hawakubaliani. Machi 2021 wasomi wapatao 200, Wayahudi wengi kati yao, walitoa Tamko la Yerusalemu, lenye maana nyingine inayotenganisha zaidi chuki kwa watu na ukosoaji wa dola.

Shahidi wa kusikilizwa zaidi ni Kenneth Stern, mwanasheria Myahudi aliyeongoza uandishi wa rasimu ya mwaka 2005. Novemba 2017 aliieleza kamati ya Baraza la Wawakilishi kwamba ufafanuzi ule haukutengenezwa kuwa kanuni ya kudhibiti maneno vyuoni. Bado anaamini unafaa kwa takwimu.

Fomu ya kuhesabu na fomu ya kuhukumu

Niliposoma maneno ya Stern nilikumbuka kosa letu wenyewe. Miaka iliyopita, katika mradi wa mbuzi wa maziwa, tuliandaa fomu ya kuhesabu kaya zenye uhitaji. Moja ya alama zake ilikuwa paa la nyasi. Kwa kuhesabu ilitufaa sana. Mwaka uliofuata tuliitumia fomu ile ile kuamua nani apewe mbuzi. Mjane mmoja alikosa kwa sababu mwanawe alikuwa amemwezekea bati, ingawa ndani hapakuwa na debe la mahindi. Alama iliyokuwa inatusaidia kuona ilikuwa sasa inaamua badala yetu. Tulirekebisha, lakini mjane yule alikuwa ameshaumia.

Nadhani hapa ndipo penye somo. Ufafanuzi ni chombo kizuri cha kumfundisha mwalimu kuona. Ukiwa ndio hukumu yenyewe, unaacha kuangalia mtu aliyeko mbele yako. Tuchukue mifano mitatu. Mwanafunzi anachora swastika kwenye kabati la mwenzake Myahudi: anamlenga mtu, na shule inapaswa kuchukua hatua bila kungoja ufafanuzi wowote. Mwanafunzi anamfuata Myahudi kila siku akimtaka "ajibu" kwa mabomu ya Gaza: maneno ni ya siasa lakini tendo ni unyanyasaji, na hapa ufafanuzi unamsaidia mwalimu kutambua kwa nini huyu mtoto ameteuliwa. Mwanafunzi anasema katika mdahalo kwamba dola ya Israeli ilianzishwa kwa dhuluma: hayo ni maoni. Yajibiwe kwa hoja, tena mbele ya wote, pamoja na historia ya kwa nini Wayahudi waliikimbia Ulaya.

Sisi tunaoishi kwa ufadhili tuangalie pia upande wa fedha. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilizuia zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti za Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho ni cha binafsi, ikitaja chuki dhidi ya Wayahudi. Septemba mwaka huo jaji wa shirikisho aliamua kwamba hatua hiyo ilivunja uhuru wa maoni, na serikali ikakata rufaa. Sharti la kutobagua ni la haki. Lakini sharti likitumika kumpangia mpokeaji mawazo, hata kwa jina la jambo jema, wanaoumia ni wengi kuliko waliokosea.

Sisi tufanye nini?

Hatuwezi kuwaamulia Wamarekani. Lakini tunaweza kusafisha usemi wetu. Katika madarasa ya kipaimara bado husikika kwamba "Wayahudi walimuua Yesu", kana kwamba Yesu, Mariamu na mitume wote hawakuwa Wayahudi, na kana kwamba Pilato hakuwa Mrumi. Vilevile tumezoea kuchanganya Waisraeli wa Biblia, Wayahudi waliotawanyika duniani, na serikali ya Israeli ya leo. Matokeo yake wengine huitetea serikali hiyo kwa kila jambo kwa sababu ya Biblia, na wengine humlaumu kila Myahudi kwa sababu ya Gaza. Kosa ni moja. Na Wapalestina nao, baadhi yao Walutheri wenzetu wa Bethlehemu na Yerusalemu, wasisahaulike katika maombi.

Ninazishauri kamati zijadili maswali haya katika kikao kijacho:

1. Walimu wetu wa kipaimara na Shule ya Jumapili wanafundisha nini kuhusu Wayahudi? Je, kuna mtu amewahi kuwaeleza maandiko ya Luther ya mwaka 1543 na uamuzi wa Budapest?

2. Katika miradi yetu, ni fomu gani iliyotengenezwa kwa kuhesabu ambayo sasa inatumika kuhukumu?

3. Mtu akisema neno linalotuudhi katika kikao cha usharika, tunatofautishaje kati ya anayemwonea mwenzake na mwenye maoni tusiyoyapenda?

Mjumbe aliyeniuliza alikuwa sahihi kwamba kumchukia Myahudi ni dhambi. Ugumu ni kwamba dhambi inakaa moyoni, ambako sheria haifiki. Sheria huyaona matendo, na ikajitahidi kuyatambua vizuri imefanya kazi yake. Yaliyobaki ni kazi ya mwalimu, mzazi, na mimbari zetu.

Mungu awabariki katika kazi za robo hii ya mwaka.